UNYEVU SI MAJI: Yaliyonipata na Nyoka wa Muthurwa

Najua wapo watakaoona kichwa cha makala haya na kufunga ukurasa mara moja. Nyoka! Tangu utotoni tumeambiwa kwamba nyoka ni adui na dawa yake ni rungu. Sikuombi umpende. Nakuomba unisikilize tu, kwa maana jambo nililojifunza kwa nyoka mmoja mdogo karibu limponze yeye, linifukuzishe mimi nyumbani, na limkoseshe mama yangu nyumba ya kukaa.

Mama yangu ni mchuuzi katika soko la Muthurwa. Huuza sukuma wiki, spinachi na dania. Muthurwa, kwa wasiopajua, palianza kama makao ya wafanyakazi wa reli, na soko lenyewe likajengwa katika miaka ya 2000 ili wachuuzi wa mjini wapate mahali pa kuuzia. Sisi tunakaa si mbali na hapo, chumba kimoja, kitanda cha mama upande huu na changu upande ule, pazia katikati.

Siku moja ya Januari, nikiwa Kidato cha Pili, nilikwenda kumsaidia mama alfajiri. Vijana wa mkokoteni walikuwa wakishusha magunia ya viazi. Tahamaki, kitu chembamba cha rangi ya hudhurungi kikaanguka kutoka kwenye gunia. "Nyoka! Ua hiyo kitu!" watu wakapiga mayowe. Mmoja ameshika jiwe, mwingine ameshika mti. Sijui nini kilinipanda kichwani. Nilimfunika kwa ndoo, nikasukuma kipande cha katoni chini yake, nikaondoka naye mbio.

Hapa nasema wazi: nilifanya upumbavu, na mtu asiniige. Sikujua ni nyoka wa aina gani. Angekuwa kifutu mchanga, makala haya yangeandikwa na mtu mwingine, nayo yangekuwa ya buriani. Kwa bahati nzuri nilipomweleza Mwalimu wa Biolojia jinsi alivyo, yaani rangi ya hudhurungi, mwili laini unaong'aa, na mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa ikipita karibu na jicho, aliniambia huyo ni nyoka wa nyumba, wa jenasi ya Boaedon. Hana sumu. Hutembea usiku na chakula chake ni panya. "Ulimwona wapi?" Mwalimu akaniuliza. Nikasema sokoni. Sikusema kwamba wakati ule ule alikuwa chini ya kitanda changu. Nilikuwa nimempa jina: Reli.

KOSA LA KWANZA: UKAVU

Nilimnunulia Reli tangi kuukuu la samaki kule Gikomba. Juu nikaweka kifuniko cha wavu, chini nikatandaza magazeti, na upande mmoja nikaning'iniza balbu ya kumpasha joto, kwa kuwa nyoka hana joto lake mwenyewe mwilini kama sisi. Nikamwekea bakuli la maji ya kunywa. Nikajiona mtaalamu.

Mwishoni mwa Februari macho ya Reli yaligeuka rangi ya maziwa na mwili ukafifia. Nikajua anataka kujivua gamba. Nyoka mwenye afya huvua ngozi yake kwa mara moja, kuanzia mdomoni hadi mkiani, kama mtu avuavyo soksi. Ngozi ya Reli ilitoka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Mkiani ilibaki pete ngumu, na jicho moja likabaki na ukungu.

Msomaji, nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu mfano wa kioo cha saa, na gamba hilo nalo hupaswa kutoka pamoja na ngozi. Likibaki, na la pili likabaki chini yake, nyoka aweza kuharibikiwa na jicho. Pete ya ngozi ikibaki mkiani hubana damu, na ncha ya mkia yaweza kufa. Usidhani, basi, kwamba ni mambo ya urembo.

Kwa nini ngozi iligoma? Kati ya ngozi kuukuu na mpya mwili hutengeneza majimaji membamba yanayozitenganisha. Hewa ikiwa kavu mno, ngozi ya juu hukauka na kunata kabla ya kazi kwisha. Reli alikosa unyevu hewani, ule ambao katika Jiografia tunauita unyevuanga.

KOSA LA PILI: MAFURIKO

Nilipotambua kwamba tatizo ni ukavu, nilifanya kama mtu aliyeambiwa mtoto ana njaa akamshindilia chakula hadi akamvimbisha tumbo. Nilichukua chupa ya kunyunyizia maji, nikawa nanyunyiza asubuhi, mchana na jioni. Magazeti yakalowa. Wavu nikaufunika wote kwa karatasi ya nailoni ili mvuke usitoke.

Wiki ya tatu kisanduku kilianza kunuka. Magazeti yaliota madoa meusi ya kuvu. Nilipomwinua Reli niliona tumboni mwake malengelenge madogo, kama ya mtu aliyeungua na chai. Usiku mmoja nikamwona ameinua kichwa, mdomo wazi kidogo, na kipovu puani. Nikaogopa. Nilikuwa nimemwokoa kutoka kwenye jiwe la sokoni ili nije nimuue polepole chini ya kitanda!

Hivyo ndivyo unyevu ulivyo. Ukipungua, ngozi hunata. Ukizidi huku hewa imesimama, kuvu na bakteria hustawi, ngozi ya tumbo huoza na mapafu huugua. Nyoka mwenye dalili hizo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Mimi nilikuwa naficha siri, kwa hiyo sikumpeleka popote. Nilitupa magazeti yote, nikaondoa nailoni, nikamkausha, nikaomba Mungu. Yalikuwa malengelenge machache, nayo yakapona. Lakini sifa ya kupona huko si yangu.

SOMO LA MAMA

Jumamosi iliyofuata nilikuwa sokoni. Jua lilikuwa kali. Mama alichovya gunia kwenye ndoo, akalikamua sana, akalitandaza juu ya mafungu ya sukuma, lakini upande mmoja akauinua kwa kijiti. Jirani yake, kijana mgeni katika biashara, alikuwa akimwagia spinachi zake maji kwa kopo.

Nikamuuliza, "Mama, mbona wewe humwagi maji?"

Akacheka. "Kijana wangu, sukuma haitaki kuogeshwa. Ukiiogesha na hili joto, kufika saa kumi imeoza katikati. Ukiiacha wazi imenyauka. Gunia ndilo linywe maji, halafu liipulizie sukuma pole pole. Na hapo pembeni upepo lazima upite."

Nilisimama pale na fungu la dania mkononi kama niliyepigwa na butwaa. Mwaka mzima nilikuwa nimekariri darasani maana ya unyevuanga, na mama, ambaye hakuwahi kufika kidato, ameshika siri yenyewe kwa kijiti na gunia. Unyevu si maji. Maji ni ghala tu. Unyevu ni ule mvuke unaotoka ghalani kidogo kidogo, na joto na upepo ndio wanaoamua utoke kwa kasi gani na ukae muda gani.

KWA NINI BALBU HUKAUSHA HEWA

Sasa tuingie kwenye hesabu kidogo, usikimbie. Tunaposema unyevu ni asilimia 60, tunalinganisha mvuke uliomo hewani na mvuke wote ambao hewa hiyo ingeweza kubeba kwa joto lile. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba, ikijaa kabisa, gramu 17 hivi za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikipashwa hadi nyuzi 30, hubeba gramu 30 hivi.

Chukua hewa ya chumba chetu asubuhi: nyuzi 20, unyevu asilimia 60. Ndani yake mna gramu 10 na kitu za mvuke. Washa balbu, hewa ya kisanduku ifike nyuzi 30. Mvuke ni ule ule, hakuna aliyeuiba, lakini sasa gramu hizo 10 zimo katika debe la gramu 30. Unyevu umeshuka hadi asilimia 34 hivi! Ndiyo maana Reli alikaukiwa ingawa bakuli la maji lilikuwamo.

Usiku nilipozima balbu, mambo yakawa kinyume. Hewa ikapoa, debe likawa dogo, mvuke ukalijaza, na asubuhi nikakuta matone kwenye kioo. Nyoka wangu alikuwa akiishi jangwani mchana na bwawani usiku. Kunyunyiza maji kulizidisha tu kupanda na kushuka huko. Nilipopata kipimo niliandika daftarini: saa nane mchana, asilimia 36. Baada ya kunyunyiza, 88. Baada ya saa mbili, 41. Unyevu wa namna hiyo, unaoruka kama matatu kwenye matuta, haumsaidii mnyama.

HATUA SITA NILIZOFUATA

Kwanza, mjue nyoka ametoka wapi. Hakuna kiwango kimoja cha nyoka wote. Nyoka wa mchangani anayeitwa kisayansi Eryx colubrinus hukaa nchi kavu za kaskazini na mashariki mwa Kenya, na unyevu mwingi humdhuru. Kwa upande mwingine kuna Atheris desaixi, nyoka wa sumu wa misitu iliyo karibu na Mlima Kenya, ambaye James Ashe alimweleza kwa wanasayansi mwaka wa 1968. Huyo huishi penye ukungu na majani yenye umande. Ukiwalea kwa kipimo kimoja utaua mmoja wao. Nyoka wa nyumba yuko katikati: asilimia 40 hadi 60 humtosha, na zaidi kidogo anapojivua.

Pili, pima, usikisie. Nilinunua mjini kipimo kidogo cha unyevu, cha aina ile inayowekwa kwenye mashine za kuangulia vifaranga. Lakini vipimo vya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kijaribu kwa chumvi. Jaza kizibo cha soda chumvi ya mezani, tia matone machache ya maji iwe kama uji mzito, chumvi isiyeyuke yote. Weka kizibo pamoja na kipimo ndani ya mkebe usiopitisha hewa, ufunge, uache saa 12 mahali ambapo joto halibadiliki sana. Hewa ya mkebe huo itatulia kwenye asilimia 75. Changu kilisoma 69, nikajua daima niongeze 6. Jaribio hili waweza kulifanya hata kwenye maabara yetu, bila nyoka yeyote.

Tatu, tawala joto kwanza. Joto likiyumba, unyevu hauwezi kutulia. Nilibadilisha balbu ile kubwa kwa ndogo, nikaiweka upande mmoja tu, nje ya wavu ili nyoka asiiguse. Upande wa joto ukawa nyuzi 29 hivi, upande wa baridi nyuzi 23. Nyoka akachagua mwenyewe pa kukaa. Usiku nilifunika kisanduku kwa blanketi pande tatu kisipoe ghafla, hasa wakati wa baridi, ambapo Nairobi hata mtu huvaa sweta mbili.

Nne, punguza dirisha lakini usilizibe. Wavu wazi wote hupoteza mvuke. Wavu uliozibwa wote huleta kuvu. Mimi nilifunika nusu kwa kipande cha mbao. Ukiona matone kwenye kioo mchana, fungua zaidi. Kipimo kikishuka, funga kidogo. Ndicho kile kijiti cha mama.

Tano, tumia bakuli kama kidhibiti. Maji hutoka kwa mvuke kupitia uso wake, kwa hiyo bakuli pana hutoa mvuke zaidi kuliko kikombe kirefu chenye maji yale yale. Ukilisogeza karibu na joto, unyevu hupanda. Ukilipeleka upande wa baridi, hushuka. Nilipobadilisha bakuli nikaweka sahani pana, sikunyunyiza tena. Badilisha maji kila siku, maana nyoka hunywa humo na pengine huchafua humo humo.

Sita, mpe chumba cha unyevu. Hii ndiyo iliyomwokoa Reli. Nilichukua mkebe wa plastiki wa Kimbo, nikauosha kwa sabuni hadi harufu ikaisha, nikautoboa tundu ubavuni na kulainisha kingo. Ndani nikaweka kipande cha gunia kilicholowa na kukamuliwa kabisa. Kisanduku kizima kikabaki kikavu kiasi, lakini mkebeni hewa ilikuwa na unyevu mwingi. Macho yalipogeuka maziwa tena, Reli aliingia humo mwenyewe, bila kuambiwa, akakaa siku kadhaa. Gunia nililibadilisha kila baada ya siku mbili lisiote kuvu.

Na ikiwa ngozi imebaki jichoni, usiitoe kwa kucha wala koleo! Waweza kutoa gamba jipya pamoja na la kale. Sawazisha unyevu, subiri ajivue tena, na likikataa mwone daktari.

Siku moja ya Juni, asubuhi kabla ya kwenda shule, nilikuta ngozi ya Reli imelala kando ya mkebe. Ilikuwa nzima, kutoka mdomo hadi ncha ya mkia, na magamba mawili ya macho yakionekana juu kama miwani. Nilikaa sakafuni nikaitazama mpaka nikachelewa gwaride.

SIRI YAFICHUKA

Za mwizi ni arobaini. Mama alikuwa akitafuta karai lake. Niliporudi jioni nilimkuta ameketi kitandani kwangu, kisanduku kiko mbele yake, taa imewashwa.

"Hii nini umefuga nyumbani kwangu?"

Sikuwa na jibu.

"Na hicho kitambaa si cha gunia langu?"

"Ndiyo, mama."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Alinihesabia kwa vidole: mwenye ploti akisikia, kesho tunalala nje. Watoto wa majirani wanaingia humu kucheza. Na yeye mwenyewe amelala miezi mitano chumba kimoja na nyoka, na mwanawe wa pekee akamficha. Hilo la tatu lilinichoma. Nilikuwa nimejali sana hewa ya nyoka, nikasahau kwamba mama naye alikuwa akiivuta hewa ya chumba kile kile.

Nilijitetea kwamba hana sumu. Mama akasema, "Hana sumu, lakini ana kwao."

Kesho yake nilimwambia Mwalimu wa Biolojia ukweli wote. Aliniambia jambo ambalo nawaomba nyote mlishike: kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013, hairuhusiwi kumfuga mnyamapori bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Nyoka wa nyumba naye ni mnyamapori. Nia njema si kibali. Mwalimu alipiga simu, na wiki ile Reli akakabidhiwa kwa wanaohusika. Niliandamana naye hadi mwisho, na daftari langu la vipimo nikalitoa pia. Aliyelipokea alifungua kurasa chache, akanitazama, akasema tu, "Umeandika vizuri. Sasa usirudie."

MAFUNZO YANGU

Huenda ukauliza: ikiwa kufuga kumekatazwa, makala haya ni ya nini? Nakujibu. Wapo wanaofuga kwa kibali, na kazi yao ni kubwa. Bustani ya Nyoka iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1961. Huyo James Ashe niliyemtaja aliwahi kufanya kazi huko, kisha mwaka wa 1980 yeye na mkewe Sanda wakaanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Mwaka wa 2007, miaka mitatu baada ya kufariki kwake, swila mkubwa atemaye mate, ambaye hapo kwanza alichanganywa na jamaa zake, alipewa jina la Naja ashei kwa heshima yake. Tena dawa ya kutibu aliyeumwa na nyoka hutengenezwa kwa sumu ya nyoka walio hai. Nyuma ya kila chupa ya dawa hiyo kuna mtu aliyewalea nyoka wakawa na afya, na kupima unyevu ni sehemu ya kazi hiyo. Mtu huyo kesho aweza kuwa mmoja wetu katika chama hiki.

Na hata asiyetaka kumwona nyoka maishani mwake, somo la gunia ni lake pia. Anayelea vifaranga, anayepanda uyoga, anayehifadhi mboga, wote hushindana na watu watatu wale wale: maji, joto na upepo. Ukimshika mmoja ukawasahau wawili, utaharibu.

Tangu siku ile mama hanioni nikichovya gunia bila kutabasamu. Juzi alimwita yule kijana jirani aliyekuwa akimwagia spinachi maji, akamwambia, "Muulize huyu wangu, atakuelezea. Amesomea." Nikamweleza. Sikumwambia nilisomea kwa nani.



Mwanachama, Kidato cha Nne